Tuchangie upasuaji kabla ya ugonjwa kubisha hodi

Yapo maneno tuyatumiayo kila siku bila ya kuyapima uzito. Mojawapo ni neno "kuruhusiwa" kama litumikavyo katika hospitali zetu. Mgonjwa akipata nafuu na daktari akaridhika kwamba aweza kurudi kwao, husemwa kuwa ameruhusiwa. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu wa isimu kwamba kitenzi kilicho katika hali ya kutendwa huweza kumficha mtenda. Sikujua kuwa siku moja ningesimama mbele ya dirisha la malipo la hospitali nikijiuliza swali lilo hilo kwa uchungu: ameruhusiwa na nani?

Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2022. Mpwa wangu, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akiendesha bodaboda huko kwetu magharibi mwa Kenya, aligongwa na lori akiwa njiani kumpeleka abiria sokoni. Mfupa wa muundi ulivunjika, ukatoboa ngozi na kuchomoza nje. Kituo cha afya kilichokuwa karibu kilimwosha kidonda, kikamfunga bendeji na kumwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko jamaa zake waliambiwa watangulize shilingi 30,000. Hawakuwa nazo. Walimrudisha nyumbani, wakamwita mganga wa mifupa, kisha wakaanza kutafuta fedha. Siku 11 zilipita. Fedha hizo zilipopatikana kidonda kilikuwa kimeoza, na pale ambapo pengine angepasuliwa mara moja, ikabidi apasuliwe mara tatu.

Kwa kuwa mimi ndimi mwenye mshahara wa mwezi katika jamaa yetu, nilifanywa mweka hazina wa mchango. Ndipo nilipoiona hesabu yote kwa macho yangu, nami ningali ninalo daftari lake. Hospitali ilidai shilingi 118,000. Vyuma vya kuungia mfupa, dawa, glavu na vitu vingine ambavyo hospitali haikuwa navyo, tukatumwa kuvinunua madukani, vilitugharimu shilingi 46,000. Nauli, chakula na malazi ya dada yangu aliyekuwa akimuuguza mwanawe vilifikia shilingi 31,500. Jumla ni shilingi 195,500. Matumizi yote ya nyumba ya dada yangu kwa mwaka hayafiki shilingi 180,000.

Fedha hizo zilitoka wapi? Harambee ilitupa shilingi 71,500. Ng'ombe wawili waliuzwa kwa shilingi 64,000. Shamba la miwa lilikodishwa kwa miaka mitatu kwa shilingi 40,000. Shilingi 20,000 zilizosalia zilikuwa deni. Katika daftari hilo sikuandika kibanda cha mboga cha dada yangu kilichofungwa kwa miezi miwili, wala pikipiki ya mkopo iliyochukuliwa na waliomkopesha kijana, wala binti mdogo aliyekosa muhula mzima wa shule. Mambo hayo hayana risiti.

Daktari alimruhusu mpwa wangu siku ya Jumatatu. Dirisha la malipo halikumruhusu hadi Jumatano ya wiki iliyofuata, tulipokamilisha deni. Kwa siku hizo tisa alikaa wodini akiwa amepona kiasi cha kwenda zake, huku gharama ya kitanda ikizidi kupanda. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Mjomba, mguu huu umekula ng'ombe, umekula na shamba. Afadhali wangeukata." Nilikosa la kumjibu.

Sitaitaja hospitali hiyo kwa jina, kwa maana nia yangu si kuilaumu. Wauguzi wake walimtunza kijana vyema, na karani aliyemzuia alikuwa akitekeleza amri za wakubwa wake. Isitoshe, hospitali isiyolipwa haiwezi kununua uzi wa kumshonea mgonjwa wa kesho. Kosa limo katika mpango mzima wa kulipia upasuaji nchini, mpango unaongoja mtu aanguke ndipo umwulize atalipaje. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wasema wahenga, na adhabu hii waijua wale waliowahi kulala katika viti vya wodi wakihesabu sarafu.

Ni kweli kwamba maradhi yote hugharimu. Lakini upasuaji una tabia zake ambazo hatuna budi kuzielewa. Mwenye homa aweza kununua dawa, akakopa kidogo dukani, akalipa baadaye. Upasuaji haupimwi kwa kijiko. Haiwezekani mtu apasuliwe nusu leo na nusu mwisho wa mwezi. Gharama yake huja yote kwa pamoja, huja bila ya taarifa, na kila siku inayopita kabla ya kuilipa huifanya iwe kubwa zaidi. Tumbo lililojikunja utumbo haliwezi kungoja mavuno. Mama aliyeshindwa kujifungua hawezi kungoja kikao cha harambee cha Jumapili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumewaacha wananchi wetu wajenge kuta peke yao.

Wataalamu wa uchumi wa afya wana kipimo chao. Husema kwamba gharama ya matibabu imekuwa ya maangamizi inapopita sehemu ya kumi ya matumizi yote ya nyumba kwa mwaka. Kwa nyumba ya dada yangu sehemu hiyo ni shilingi 18,000. Tulilipa zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Wala hatukuwa peke yetu. Tume ya kimataifa iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilitoa ripoti yake mwaka 2015, ikasema kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji na nusukaputi kwa usalama, kwa wakati ufaao na kwa bei wanayoimudu. Ilikadiria kuwa kila mwaka watu milioni 33 hutumbukia katika gharama za maangamizi kwa kulipia upasuaji wenyewe. Wengine milioni 48 hutumbukia humo kwa sababu ya gharama zisizo za matibabu, kama vile nauli na chakula.

Naomba msomaji aitazame tena tarakimu hiyo ya pili. Inatwambia kwamba hata kama upasuaji ungefanywa bure kabisa, wengi bado wangefilisika kwa sababu ya umbali. Mtu akipasuliwa mahali palipo safari ya siku nzima kutoka kwao, jamaa zake huhama naye. Kwa hiyo bei ya upasuaji ina sehemu mbili: ile inayoandikwa hospitalini, na ile inayotokana na hospitali kuwa mbali. Mwenye kutaka kuipunguza hana budi kuzishughulikia zote mbili.

Hatukuanza hivi. Taifa hili lilipopata uhuru mwaka 1963, viongozi walitangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1965 serikali iliifuta ada ya shilingi tano iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka uliofuata ikaundwa Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali. Kisha hali ya uchumi ikawa ngumu, na mnamo Desemba 1989 wananchi wakarudishiwa ada hospitalini. Ada ya kumwona daktari ilisimamishwa mwaka 1990 baada ya malalamiko, ikarejeshwa kwa awamu kuanzia mwaka 1991. Mpango huo uliitwa kuchangia gharama.

Hapa ndipo mwalimu wa lugha ndani yangu anapokataa kunyamaza. Kuchanga, katika Kiswahili, ni tendo la watu wengi. Watu huchanga wanapotoa kila mmoja kidogo ili lipatikane jambo kubwa. Mtu mmoja hawezi kuchanga peke yake, kama ambavyo kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini yule aliyesimama mbele ya dirisha la malipo mwaka 1992 akiwa na mtoto anayelia mgongoni hakuwa akichanga na yeyote. Alikuwa akilipa. Tulichukua neno la ushirika tukalivisha tendo la upweke, na kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa zuri, tulichelewa kutambua kwamba mgonjwa ameachwa peke yake.

Mtu aweza kuniambia kwamba harambee ndiyo kuchanga hasa, nayo tungali tunayo. Naikubali heshima ya harambee, na bila ya hiyo mpwa wangu hangekuwa hai. Hata hivyo tuitazame bila ya kujipendekeza. Harambee ya matibabu huitishwa baada ya madhara kutokea, yaani wakati ule ambapo siku 11 zimekwisha kupotea. Aghalabu wanaochanga ni wale wale, kijijini ni jirani zilezile, na katika simu zetu ni makundi yaleyale yanayopokea ombi jipya kila wiki. Aliye na jamaa mwenye mshahara mjini hupata kitu. Asiye na jamaa kama huyo, seuze mjane au mgeni, hupata pole. Tena harambee humlazimu mgonjwa kutangaza uchi wake hadharani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hilo ni kweli, lakini jamii yenye utu haipaswi kumwekea mgonjwa sharti la kuombaomba ndipo atibiwe.

Kuchanga kwa kweli ni kule kunakofanywa kabla ya ugonjwa kubisha hodi. Jina lake la leo ni bima, au kodi, na yote mawili ni harambee iliyotangulia. Hapo hatuwezi kusema kwamba nchi imelala. Chini ya ile hazina ya zamani, mtu asiyeajiriwa alitakiwa kulipa shilingi 500 kwa mwezi. Mpwa wangu alilipa miezi minne, akaacha. Nilipomwuliza sababu alinijibu kwamba mfuko wake hujazwa na kumalizwa siku hiyohiyo, na shilingi 500 kwa pamoja hazijawahi kulala mfukoni humo. Jibu hilo halikuwa la mzembe. Lilikuwa la mtu aishiye kwa kutwa, akitakiwa kulipa kama aishiye kwa mshahara.

Sheria mpya ya bima ya afya ya jamii ilipitishwa mwaka 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote twaiita SHA, ikachukua nafasi ya hazina ile. Sisi wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yetu pasi na kikomo, ambapo zamani mwenye mshahara mkubwa alikoma kwa shilingi 1,700. Naiona haki katika hilo, japo mfuko wangu waniambia vingine. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Lakini yeye hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mwaka 2025 serikali ilianzisha mpango wa kukopesha mchango huo ili mtu alipe polepole. Ni hatua njema, ila kukopa ili kujikinga na deni kwataka uangalifu.

Tusichanganye kujiandikisha na kukingwa. Jina lililo katika orodha pasi na mchango kulipwa halimsaidii mgonjwa mlangoni. Aidha, mchango ukilipwa na hospitali isilipwe kwa wakati, mgonjwa atarudi kulekule. Malalamiko ya hospitali kuhusu malipo yanayochelewa yalisikika zama za hazina ya zamani, na yamesikika tena zama hizi. Hospitali isiyolipwa huishiwa na vifaa. Jamaa wa mgonjwa hupewa karatasi ya kwenda dukani, na zile shilingi 46,000 za daftari langu hulipwa na mtu mwenye kadi halali ya bima. Huko ni kumtoza mtu mara mbili.

Wapo watakaosema kwamba fedha hazipo. Ni kweli kwamba nchi ina madeni na mahitaji ni mengi. Lakini mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi huko Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, nasi hatujafikia ahadi hiyo. Zaidi ya hayo, fedha za upasuaji zinalipwa hata sasa. Zinalipwa kwa ng'ombe wa maziwa, kwa mashamba, na kwa karo za watoto. Kijana asiyepasuliwa kwa wakati huwa kilema, na nguvu zake hupotelea nyumba yake na taifa lake. Wengine hudai kuwa huduma ikiwa bure watu wataitumia ovyo. Hoja hiyo pengine yaweza kujadiliwa kuhusu vidonge. Kuhusu upasuaji haina mashiko. Sijapata kumwona mtu aliyeomba kupasuliwa kwa sababu tu ni bure.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila hospitali ya kaunti, na kila hospitali iliyokuwa ya wilaya, iwezeshwe kufanya upasuaji wa aina tatu mchana na usiku: upasuaji wa kumzalisha mama, kufungua tumbo penye dharura, na kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Ile tume ya mwaka 2015 iliyataja haya matatu kuwa kipimo cha hospitali, kwani iwezayo hayo aghalabu huweza na mengine mengi, nayo ilitaka yapatikane katika muda wa saa mbili. Si ndoto. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji walianzisha shirika la AMREF hapa kwetu, wakaanza kuwafuata wagonjwa kwa ndege ndogo huko mashambani. Waliona kwamba mgonjwa hawezi kuja, wakaenda wao. Nchi yetu huwafunza matabibu wasio madaktari kutoa nusukaputi na kupasua mtoto wa jicho. Tuwafunze wengi zaidi, tuwaajiri, na tuwalipe mishahara yao kwa wakati.

Pili, upasuaji wa dharura usiulizwe fedha mlangoni. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya mwaka 2023 nayo iliunda hazina maalumu kwa ajili ya dharura na maradhi sugu na mahututi. Hazina hiyo ijazwe fedha za kutosha, na hospitali ipeleke hesabu yake huko badala ya kumkabidhi jamaa aliyejawa na hofu. Kama jambo hilo lingefanyika mwaka 2022, mpwa wangu hangelala siku 11 kwa mganga wa mifupa.

Tatu, kuwazuilia wagonjwa kukome. Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba ilikuwa kinyume cha Katiba kuwazuilia wanawake wawili waliokuwa wameshindwa kulipa gharama za hospitali ya uzazi ya umma. Miaka saba baada ya uamuzi huo mimi nilihesabu siku tisa. Deni lidaiwe kama madeni mengine yanavyodaiwa. Kitanda cha mgonjwa kisigeuzwe rumande.

Nne, na hili ni la taaluma yangu, bei na haki za mgonjwa ziandikwe kwa Kiswahili ukutani, mahali pa kuonekana. SHA imepanga kiasi inachoilipa hospitali kwa huduma mbalimbali. Kwa mfano, upasuaji wa kumzalisha mama umewekewa shilingi 30,000. Ni wangapi walijuao hilo? Dada yangu alitia sahihi karatasi ya kukubali mwanawe apasuliwe, nayo ilikuwa ya Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakujua alichokikubali, hakujua bei, hakujua kwamba hospitali ina afisa wa ustawi wa jamii awezaye kumwombea msamaha wa sehemu ya deni. Mtu asiyejua bei hawezi kuihoji, na asiyejua haki yake huichukua kuwa fadhila.

Mwisho, nasi wananchi tuna letu la kufanya. Mpwa wangu yu hai. Anachechemea, na siku hizi anatengeneza pikipiki za wengine penye kituo kile alichokuwa akingojea abiria. Mwaka jana alinipigia simu kunieleza jambo. Yeye na wenzake 34 wa kituo hicho wameanza kutoa shilingi 10 kila siku kwa mtunza fedha wao. Kwa mwaka hiyo ni shilingi 3,650 kwa kila mmoja, nao mchango wa kiwango cha chini ni shilingi 3,600. Chama chao huupeleka mchango wa mwaka kwa mkupuo, kama sheria itakavyo, lakini mwanachama huutoa kwa kutwa, kama maisha yake yalivyo. Wachache waliopimwa kiwango cha juu zaidi huongeza kidogo. "Mjomba," aliniambia, "safari hii tumechanga mapema."

Vijana hao wametimiza wajibu wao, tena kwa fedha za jasho. Swali linalobaki ni letu sisi tulio na vyeo, vyuo na mabunge. Siku mmoja wao atakapoanguka barabarani, na siku hiyo itafika kwa kuwa barabara zetu twazijua, je, atakuta hospitali iliyo karibu, yenye daktari, yenye vyuma na uzi? Au atakabidhiwa karatasi ya kwenda dukani huku risiti ya mchango wake ikiwa mfukoni? Nayaomba mabunge ya kaunti zote 47, pamoja na Bunge la Taifa, yalijibu swali hilo kwa tarakimu za bajeti. Hotuba tumezisikia za kutosha.